Abiria Tisa

Stima kupotea Amu, ndiyo Lamu, si habari. Habari ni umeme huo ukikaa mwezi mzima bila kupotea. Kwa hiyo siilaumu stima kwa yaliyonikuta Oktoba ya 2022, siku za Maulidi, mji umejaa hata punda wanapishana kwa kusukumana vichochoroni. Mwenye lawama alikuwa amekaa nyuma ya meza, kikombe cha kahawa mkononi, anajisifu kimoyomoyo. Ni mimi.

Ami yangu ana boti mbili za abiria. Moja huvuka kwenda Mokowe, bara, na kurudi, ya pili huenda Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, kwa kufuata maji, maana Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, haupitiki ovyo bahari ikikupwa. Ofisi yake ni chumba kimoja karibu na jeti: meza mbili, feni moja, na picha ya Msikiti wa Riyadha iliyopauka kwa hewa ya chumvi. Miaka yote siti ziliandikwa kwenye daftari. Nilipomaliza masomo ya kompyuta Mombasa nilirudi nyumbani na begi la nguo na kichwa kilichovimba, nikamwambia ami kwamba daftari limepitwa na wakati. Nikamtengenezea mfumo wa kubuku. Mtu analipa kwa M-Pesa au pesa taslimu, jina lake linaingia, siti inageuka nyekundu kwenye skrini. Kufumba na kufumbua.

Huko kufumba na kufumbua ndiko kulikoniponza. Nilitaka mfumo uwe mwepesi kupita yote niliyoyaona chuoni, nikaamua majina yote yakae kwenye Redis. Kwa asiyeijua, hii ni programu ya kuhifadhi data iliyoanzishwa mwaka 2009 na Mtaliano, Salvatore Sanfilippo. Data yake yote hukaa kwenye memori ya kompyuta, ile RAM, na diski huguswa mara mojamoja tu. Ndiyo maana ina mbio.

Siku niliyomwonyesha ami, aliniuliza swali moja.

"Haya majina yakaa wapi?"

"Kwenye memori, ami. Ni kama kichwa cha kompyuta."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kikoi. "Na kitwa kikilala?"

Nikacheka. Nikamwambia hiki hakilali.

Basi usiku wenyewe, saa mbili kasorobo, watu wametoka kuswali isha na wamepitia ofisini mmoja mmoja kubuku boti ya asubuhi ya Faza, stima zikakatika. UPS, kile kisanduku cha betri cha kuishikilia kompyuta stima zikikatika, iliyokuwa chini ya meza ikalia mara moja kama paka aliyekanyagwa mkia, ikanyamaza. Betri yake ilikuwa imekufa zamani na hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuijaribu. Baada ya dakika kumi hivi stima zikarudi, kompyuta ikawaka, mfumo ukafunguka, siti nyekundu zikajaa skrini. Nikaona mambo ni yale yale. Nikauza siti zilizobaki, nikafunga mlango, nikaenda zangu Riyadha kusikiliza matwari.

Asubuhi kwenye jeti kulikuwa na watu tisa wenye ujumbe wa M-Pesa kwenye simu zao na majina yao hayamo kwenye orodha. Siti zao nilikuwa nimeziuza mara ya pili kwa mkono wangu. Mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa Faza, amembeba mjukuu mgongoni, alininyooshea simu.

"Soma mwenyewe, mwanangu. Mimi nimelipa jana baada ya isha. Na wewe uliniambia imeshaingia."

Ni kweli nilimwambia. Ami akakodi mashua ya jirani kwa pesa yake, akawapandisha wote tisa, kisha akarudi ofisini akakaa. Hakupiga kelele. Ami hapigi kelele, hufuta miwani, na siku ile aliifuta mpaka nikatamani anitukane.

Kwa nini tisa? Mbona si mia, mbona si mmoja? Swali hilo lilinikalia, nikafungua logi ya Redis, faili inamoandika matendo yake, nisome ilifanya nini jioni ile.

Redis haiachi kila kitu kichwani tu. Mara kwa mara hupiga picha ya memori nzima na kuiweka kwenye diski, katika faili liitwalo dump.rdb. Kwanza huiandika picha mpya pembeni kwa jina la muda, na ikishakamilika ndipo inaipa jina la ile ya zamani, kwa hiyo huwezi kuikuta imekatika katikati. Jambo zuri. Ila hiyo mara kwa mara ni mara ngapi? Toleo la 5, nililokuwa nalo, lilikuja na kanuni tatu. Piga picha zikipita sekunde 900 na kukawa na badiliko angalau 1. Au sekunde 300 na mabadiliko 10. Au sekunde 60 na mabadiliko 10,000. Kanuni hizo nilishaziona. Nilizisoma vile watu wanavyosoma masharti ya laini ya simu.

Sasa piga hesabu. Picha ya mwisho ilipigwa dakika 13 kabla ya stima kukatika. Kanuni ya kwanza ilitaka dakika 15. Ya pili ilitaka dakika 5 tu, lakini na mabadiliko 10, na mimi katika muda ule nilikuwa nimebuku watu 9. Angalikuja mtu mmoja zaidi, hata kama ni wa kuuliza nauli kisha akaghairi na kulipa, kanuni ya pili ingalitimia na wote kumi wangaliingia pichani.

Hapo ndipo nilipoanza kuisoma memori yenyewe, maana niliona haya kuitwa mtu wa kompyuta na sijui kompyuta inakumbuka vipi. Tulipokuwa watoto mwalimu alituandikia kwenye ubao, tukahifadhi, ubao ukaoshwa, ukaandikwa sura nyingine. Na aliyehifadhi ilikuwa lazima adurusu. Ukikaa miezi bila muraja, aya zinaponyoka moja moja kama samaki wavuni. Memori ya kompyuta ni hafidhi wa aina hiyo, ila amezidi. Kila biti, ile sifuri au moja ya kompyuta, ni chaji ndogo ya umeme ndani ya kapasita moja, na transista moja mlangoni kama swichi. Ni ubunifu wa Robert Dennard wa IBM, aliyepata hataza yake mwaka 1968. Kapasita hiyo inavuja. Kwa hiyo kila kilichomo lazima kisomwe na kuandikwa upya kila baada ya milisekunde 64. Huyo ni hafidhi anayerudia alichohifadhi chote zaidi ya mara 15 kwa sekunde moja, usiku na mchana, bila kunywa maji. Mkate umeme kidogo tu na hana hata herufi.

Kiswahili chetu kina neno moja, kuhifadhi, kwa aliyeweka moyoni na kwa aliyeweka kabatini. Naona hapo ndipo nilipojidanganya. Mtu akishalipa, skrini ilikuwa inaandika kwa herufi kubwa za kijani: Imehifadhiwa. Neno hilo nililiandika mimi. Mama wa Faza alilisoma kabla ya kutoka ofisini, na lilikuwa la kweli kwa maana moja na uongo kwa maana ya pili.

Jioni ile nikakaa kurekebisha, na nikafanya kosa lililofanya la kwanza lionekane dogo.

Redis ina njia ya pili, iitwayo AOF. Badala ya kupiga picha, kila badiliko linapotokea huandikwa mwishoni mwa faili moja. Ikiwashwa upya, husoma faili hilo toka juu mpaka chini na kuyarudia mambo yote kama yalivyokwenda. Njia hii huja ikiwa imefungwa. Kuifungua ni mstari mmoja kwenye faili la mipangilio: appendonly ilikuwa no, nikaandika yes. Nikaiwasha Redis upya, nikafungua mfumo.

Siti zote kijani. Boti ya kesho, ya keshokutwa, za wiki tatu mbele za watu wa Maulidi wa kurudi makwao, hakuna jina hata moja.

Kilichotokea ni hiki. AOF ikiwa imefunguliwa, Redis ikiamka haiangalii picha kabisa, kwa sababu inaiamini AOF kuwa ndiyo kamili zaidi. Faili la AOF halikuwapo bado, basi ikaamka haina kitu. Lakini picha yangu ya zamani ilikuwa pale pale kwenye diski, nzima, haijaguswa. Ningekunja mikono dakika mbili, nikalinakili faili lile mahali pengine, yangeishia hapo. Lakini mikono ilikuwa inatetemeka, nikafanya anachofanya kila mtu wa kompyuta akishikwa na woga: nikazima, nikawasha tena. Sasa Redis ikiambiwa izime kwa ustaarabu, na zile kanuni za picha zimo, hupiga picha moja ya mwisho kabla ya kuaga. Ikaipiga picha memori tupu. Ikaiweka picha tupu juu ya picha yangu. Niliangalia ukubwa wa dump.rdb: hata herufi za barua fupi zingekuwa nyingi kuliko zile.

Njia yenyewe imeandikwa kwenye maelezo ya Redis, pamoja na onyo ambalo sikulisoma. AOF hufunguliwa Redis ikiwa hai, kwa amri ya CONFIG SET appendonly yes. Hapo huandika faili jipya kutoka kwenye memori iliyojaa. Unangoja imalize, unahakiki, ndipo unarekebisha faili la mipangilio ili ikizimwa kesho isirudi ilikotoka. Na kabla ya hayo yote unalinakili dump.rdb na kulipeleka kwenye mashine nyingine. Siku hizi mtu akinipigia simu nimwelekeze, huanza na kunakili, na simwendelezi mpaka aniambie nakala iko wapi.

Usiku ule hatukulala. Nilikuwa na nakala ya Jumapili kwenye flashi, ya siku nne nyuma, niliyoiweka kwa bahati tu wakati nikihamisha picha za harusi. Waliolipa kwa M-Pesa tuliwarudisha kwa kusoma ujumbe mmoja mmoja kwenye simu ya ami, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikiandika. Walibaki waliolipa taslimu. Ami akaniangalia kitambo.

"Ndoo hapa," akaniita, akavuta mtoto wa meza. Ndani mlikuwa na daftari. Alikuwa ameendelea kuandika miezi yote ile bila kuniambia.

Nikadhani tumepona. Tukafungua, nikaona ami huandika mara moja kwa siku, baada ya alasiri, kutoka kichwani, kwa mwandiko mzuri wa kutulia. Wa asubuhi na adhuhuri wote wamo. Wa magharibi na isha hawamo mpaka kesho yake alasiri, kama atawakumbuka. Daftari la ami lilikuwa dump.rdb iliyoandikwa kwa kalamu, na lilikuwa limekosa watu wale wale.

Aliyetuokoa ni kijana baharia, yule anayepokea pesa za walioko jeti. Alikuja alfajiri kuuliza kulikoni ofisi inawaka taa, akasikia shida, akarudi na vipande vinne vya boksi la maziwa. Yeye kila akipokea pesa huandika hapo hapo, amesimama, penseli ya seremala sikioni: jina, boti, siku. Mtu akighairi, haandiki upya. Anaongeza mstari chini kwamba fulani amerudishiwa. Ukitaka kujua nani ana siti lazima usome boksi zima toka juu. Linachosha, na mwandiko ni wa mtu anayeyumba na mawimbi, lakini hakukukosekana mtu aliyemlipa yeye. Nilimuuliza boksi likijaa anafanyaje.

"Nachukua jipya, nanakili wale ambao hawajasafiri, la zamani nawashia jiko."

Hivyo ndivyo AOF inavyofanya, neno kwa neno. Faili likirefuka kupita kiasi, Redis huandika jipya fupi lenye hali ya sasa tu na kulitupa la zamani. Mimi nilihitaji miaka mitatu chuoni na msiba mmoja kulijua hilo.

Baada ya kurudisha majina (tuliwapata wote ila wawili, ambao walikuja wenyewe wakatukuta tayari kwa aibu), ningeweza kutulia. Lakini nilikuwa nimepoteza imani, na aliyepoteza imani huuliza maswali mazuri. Nikajiuliza: hata hiyo AOF ikisema imeandika, imeandika wapi?

Jibu halikunifurahisha. Programu ikiandika kwenye faili, inaukabidhi maneno mfumo endeshi, ile programu kuu inayoendesha kompyuta, nao unayaweka kwanza kwenye memori yake, ile ile inayovuja. Mfumo endeshi uitwao Linux ukiachwa ulivyo unaweza kukaa nayo sekunde 30 hivi kabla ya kuyasukuma kwenye diski. Na diski nayo ina kijimemori chake cha kupokelea. Ni kama kumpa mtu barua jeti aipeleke Kizingitini. Wewe umeshaitoa mkononi, unajiona umetuma. Mwenyewe bado anakunywa chai akingoja maji yajae. Boti ikizama sasa hivi, barua imekwenda wapi? Kuna amri ya kumwambia mfumo endeshi usirudi kwangu mpaka diski ikubali kwamba imeandika. Inaitwa fsync, na maisha yote ya data yamesimama juu ya amri hiyo moja.

Redis inakupa uamuzi wa namna tatu. Iite fsync kila badiliko. Au kila sekunde moja. Au usiite kabisa, uuachie mfumo endeshi. Ile ya kila sekunde ndiyo inayokuja nayo, na kwa wengi inatosha, maana ukianguka unapoteza kama sekunde moja ya kazi. Mimi nikachukua ya kila badiliko. Rafiki yangu mmoja wa Mombasa alinicheka kwenye simu, akaniambia nimeifunga breki gari ya mashindano. Nikamuuliza: sisi tunauza siti ngapi kwa sekunde? Hata usiku wa Maulidi hatufiki siti moja kwa dakika. Mbio zote zile nilizozitafuta hazikuwa na wa kumkimbiza.

Na hilo likanipeleka kwenye swali nililopaswa kuanza nalo. Kwa nini majina ya watu waliolipa yalikaa kwenye memori tangu mwanzo? Hakukuwa na sababu, ila kwamba niliiona Redis ikisifiwa na nikataka kuitumia. Mwezi uliofuata niliyahamisha malipo yote kwenye SQLite, ambayo ni faili moja kwenye diski, haina mbwembwe, na haisemi imemaliza mpaka iite fsync, mradi usiichezee mipangilio yake. Kwenye Redis nikaacha kitu kimoja tu: siti zinazoshikiliwa. Mtu akipiga simu akasema niwekee siti, naja, jina lake linakaa dakika 30 kisha linafutika lenyewe. Likipotea na stima, hakuna aliyedhulumiwa. Akija ataomba tena. Nimejifunza kuvitenga hivi viwili, deni na ahadi ya mdomo, na kila kimoja nikakipa nyumba yake.

Kisha nikaanza kuchomoa waya. Nasema kweli, kuchomoa waya ukutani huku mashine inafanya kazi. Nilichukua kompyuta kuukuu, nikaandika kijiprogramu kinachohesabu: moja, mbili, tatu, kila namba inaandikwa kwenye diski, ikithibitishwa ndipo inatumwa kwenye laptopu yangu ionekane. Nachomoa. Naangalia laptopu imefika namba ngapi, nawasha ile kuukuu, naangalia diski ina namba ngapi. Diski ikiwa nyuma ya laptopu, kuna mtu amesema uongo. Mara ya kwanza laptopu ilisema 812 na diski ikasema 812, nikapiga makofi peke yangu. Nikabadilisha diski, nikaweka ya bei ya kutupa niliyoinunua kwa haraka: laptopu 640, diski 598. Ilikuwa inajibu imeandika na huku haijaandika. Diski ile sasa ina kazi ya kuzuia mlango usipigwe na kaskazi.

UPS nayo ilipata betri mpya, na waya wa USB unaoiambia kompyuta kwamba stima zimekwenda, jifunge taratibu wakati ningali nakushikilia. Kila mwezi naichomoa UPS yenyewe ukutani nione kama itatimiza. Ami aliponiona mara ya kwanza alidhani nimerukwa na akili.

Nilidhani nimefunga kila tundu, mpaka Ijumaa ya 25 Agosti 2023, usiku ule karibu nchi nzima ilipozimika. UPS ikafanya kazi yake, seva, ile kompyuta yenye majina, ikajifunga vizuri, sikupoteza jina. Asubuhi stima hazijarudi, mtandao hauna uhai, tukavuta waya kutoka jenereta ya jirani tukaendelea na kazi. Kompyuta ya mbele, ya kuchapia tiketi, huwa inatoa pia saa za boti ya Faza kwa kupiga hesabu ya maji. Nikachapa, nikabandika mlangoni.

Ami akaja, akasoma, akavua miwani. Nikajua.

"Hiki chombo chako chasema yeo bamvua."

"Ndiyo, ami."

"Jana usiku muyi mzima ulikuwa giza. Hukuutazama mwezi? Ulikuwa nusu na kidogo. Haya ni maji mafu."

Bamvua, maji makubwa, huja mwezi ukiwa mpya au mpevu; maji mafu, yale madogo, huja ukiwa nusu. Niliangalia tarehe pembeni mwa skrini: 1 Januari 2014. Siku ile, nilikuja kuhakikisha baadaye, ilikuwa siku ya mwezi mpya kweli, na bahari ilikuwa bamvua kweli. Hesabu ilikuwa sahihi, ya mwaka mwingine. Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna kibetri cha mviringo, CR2032, volti 3, kinachoiwezesha saa kuendelea kwenda mashine ikiwa haina umeme. Chetu kilikuwa kimeisha, pengine kwa miaka, na UPS ilikuwa inakifichia siri kwa sababu ilikuwa nadra mashine kukosa umeme moja kwa moja. Na siku ilipokosa, intaneti ilikuwa inaisahihisha saa kabla sijaona. Usiku ule havikuwapo vyote viwili kwa pamoja. Kibetri kipya nilikipata dukani kwa bei ya sahani ya viazi karai.

Nikaling'oa lile tangazo mlangoni, ami akaandika saa za maji kwa chaki.

Mfunguo Sita uliofuata, mwezi wa Maulidi, mama wa Faza alikuja tena kubuku, mjukuu sasa anatembea mwenyewe na anataka kugusa kila kitu. Nikachukua pesa, nikaandika jina. Kwenye skrini pakaonekana kwanza Subiri, kwa rangi ya manjano, kwa muda wa kupepesa jicho. Neno Imehifadhiwa siku hizi halitoki mpaka diski ijibu. Likatoka. Nikamweleza kwamba sasa tumebadilisha, hata stima zikipotea dakika hii jina lake liko salama, nikaanza na habari za fsync.

"Sawa, mwanangu," akasema. Akatoa simu kwenye buibui, akaipiga picha skrini, akaiangalia kama imetoka vizuri, ndipo akamshika mjukuu mkono wakateremka jeti.